Supu ya Kiti cha Kwanza

Mkahawa ulikuwa mpya kiasi kwamba harufu ya rangi ilikuwa bado inagombana na harufu ya siagi. Ulifunguliwa Jumatatu, mtu akafia ndani yake Jumatano, ukafungwa na polisi siku hiyohiyo, kabla hata watu wa mtaa ule wa katikati ya mji hawajakubaliana jina lake la Kifaransa linatamkwaje. Sasa ilikuwa Jumatano nyingine, mchana wa jua kali, na Inspekta alikuwa amesimama mlangoni akiusoma ubao mweusi ulioandikwa kwa chaki. Supu ya uyoga. Bata kwa mchuzi wa machungwa. Konokono kwa siagi na kitunguu saumu. Hakuna aliyethubutu kuufuta ubao ule tangu siku ya kifo.

"Afande," Sajenti alisema nyuma yake, "naona wamekuweka kwenye menyu."

Inspekta hakugeuka. Pale kituoni walimwita Konokono, si kwa ubaya sana, ila kwa sababu mahojiano yake yalikwenda taratibu na hakuwahi kumpazia mtu sauti. Jina lile lilimfika masikioni mwaka wake wa kwanza kazini, naye akaliacha likae.

"Na bei umeiona?" aliuliza.

"Nimeiona. Sikujua kama una thamani hiyo."

Walicheka kidogo, kisha kicheko kikawaishia, maana mle ndani hapakuwa na la kuchekesha. Vitambaa vyeupe vya mezani vilikuwa bado vimetandikwa. Glasi zilikuwa zimesimama mahali pake zikiwa na vumbi la wiki nzima. Karibu na dirisha la barabarani ilikuwepo meza ya watu wawili, meza ya nne, na chini yake zulia lilikuwa limekatwa kipande na watu wa maabara.

Hapo ndipo alipoanguka mjomba wa mwenye mkahawa. Alikunywa supu, akala bata, akiwa anangoja kitindamlo akashika ukingo wa meza na kwenda chini pamoja na kitambaa. Daktari wa serikali alikuta damuni mwake dawa ya kupunguza mapigo ya moyo, kipimo cha kumlaza fahali, na mzee hakuwahi kuandikiwa dawa hiyo. Chupa ikapatikana kwenye kabati la mpishi wa supu, binti mmoja mwembamba ambaye mama yake anaugua moyo, naye binti humnunulia dawa ileile duka la mtaa wa pili. Chupa ilikuwa nusu tupu. Tena siku ya majaribio, kabla ya ufunguzi, mzee alionja supu ya binti huyo akasema mbele ya watu kwamba ni maji ya kuoshea masufuria, na binti akasikika akinong'ona, "Ataimeza tu."

Mkuu wa Upelelezi alisema hiyo si kesi, hiyo ni zawadi. Kesho asubuhi binti angepandishwa kizimbani kwa kosa la kuua.

Inspekta naye karibu aafiki. Kilichomzuia ni yule mama. Kila asubuhi alimkuta kwenye benchi la kituo, mkoba mapajani, hasemi na mtu. Leo alipompita, mama alimshika mkono wa shati.

"Mwanangu, mimi siombi huruma," alisema. "Nauliza tu. Mtoto anayeshinda njaa ili aninunulie dawa nisife, achukue dawa hiyohiyo amuulie mzee wa watu kwa sababu ya neno moja?"

Swali lile lilimuuma Inspekta. Alikwenda moja kwa moja kwa Mkuu akaomba mchana mmoja. Kila mtu arudi mahali pake, mpishi jikoni, mhudumu ukumbini, mwenye mkahawa mezani, chakula kilekile, na yeye Inspekta akae kwenye nafasi ya marehemu.

"Nenda ukale," Mkuu alimjibu bila kuinua macho. "Ila kesho asubuhi faili linaondoka, umeshiba hujashiba."

Alianzia jikoni, kwa sababu huko ndiko chakula kinakoanzia. Mpishi wa supu alikuwa tayari ameletwa, amefunguliwa pingu mlangoni, na askari wa kike amesimama karibu yake. Binti aliushika upawa, akaanza kuikoroga supu.

"Shikamoo, afande. Mama kapata dawa?"

"Marahaba. Kapata. Nilimpelekea chupa nyingine jana jioni."

Binti alikubali kwa kichwa, akarudi kwenye sufuria. Alichota supu kwa kijiko, akaionja, akaongeza chumvi, akachukua kijiko kingine safi akaionja tena.

"Siku zote unaonja?"

"Hapa kila sufuria inaonjwa na mpishi wake. Halafu kabla wageni hawajaingia wafanyakazi wote tunakula ileile, tukiwa tumesimama. Siku ile nilirudia bakuli la pili." Alimtazama Inspekta kwa mara ya kwanza. "Ingekuwa sumu imo kwenye sufuria, afande, mngetuzika jiko zima."

Basi sufuria ilikuwa safi, na hilo hata Mkuu hakulibishia. Sumu iliingia kwenye bakuli. Inspekta alifuata safari ya bakuli kwa macho. Binti anateka supu, analisukuma bakuli juu ya meza ya chuma mpaka kwenye dirisha dogo la kupitishia vyakula, na pale dirishani alikuwa amesimama mume wa mwenye mkahawa.

Wafanyakazi walimwita Musyu, yaani 'bwana' kwa Kifaransa. Alikuwa mrefu, kitambaa cheupe begani, kucha zimekatwa vizuri. Aliwahi kufanya kazi kwenye majiko ya ng'ambo, akarudi na tabia ya kubusu ncha za vidole akisifia mchuzi. Alichukua jagi dogo jeupe, akachora duara la krimu juu ya supu bila kumwaga tone, kisha akavuta kitambaa begani na kuupangusa ukingo wa bakuli, ingawa ulikuwa safi.

"Mkono wa mwisho ni wangu," alisema. "Sahani ikitoka na alama ya kidole, aibu ni yangu, si ya binti."

"Jagi hilo la krimu hushikwa na nani mwingine?"

"Hakuna. Krimu inataka mkono mmoja." Kisha, kama aliyesikia jinsi neno lake lilivyoanguka, akaongeza taratibu, "Lakini supu yenyewe mimi siiteki, afande. Inanifikia imeshatekwa. Maskini binti, mimi simlaumu sana. Hasira hasara. Nilipowafungulia askari makabati ya wafanyakazi, niliomba Mungu wasikute kitu."

"Wewe ndiye uliyewafungulia?"

"Nani mwingine ana funguo zote?"

Inspekta alilitia hilo kichwani, akaendelea kama asiyejali. Aliinama kwenye lile dirisha akatazama upande wa ukumbini. Hakuona kitu. Juu ya dirisha zilining'inia taa kali za kutunza joto la sahani, na mwanga wake ulimpiga machoni hata ukumbi ukawa giza tupu. Alichoweza kuona ni aproni ya mhudumu, kuanzia kiunoni kwenda chini.

"Siku ile ulitoka ukumbini?"

"Wakati wa kazi sitoki. Nahodha haachi usukani. Nilitoka pale mzee alipoanguka."

"Kwa hiyo wageni hukuwaona."

"Sina haja ya kuwaona." Alitabasamu. "Meza ya nne naijua. Mke wangu na mjomba wake."

Inspekta alimshukuru, akatoka kumtafuta mhudumu.

Mhudumu mkuu alikuwa mtu mzima mwenye tai ya kipepeo na miguu inayomuuma. Alikuwa anapanga vijiko kwenye meza ya nne, na alivipanga kwa kupima na kidole gumba. Sajenti alikuwa amevuta kiti karibu, akinusa hewa ya jikoni kwa matumaini.

"Mzee wangu, nifundishe," Inspekta alimwambia mhudumu. "Mabakuli mawili ya supu yanatoka pale dirishani. Yanafanana kila kitu. Unajuaje lipi la nani?"

Mhudumu alionekana kufurahi. Wiki nzima watu walimwuliza mambo ya kifo, na hakuna aliyemwuliza mambo ya kazi.

"Hiyo ni sheria ya Musyu, afande. Alitufundisha mwezi mzima, kwa makelele. Mgeni haulizwi, 'Nani kaagiza samaki?' Huo ni ushamba. Kila kiti kina namba. Kiti cha kwanza ni kile kinachotazama mlango wa barabarani, cha pili kinatazama jikoni. Musyu ananipa sahani ya kiti cha kwanza mkono wa kulia, ya kiti cha pili mkono wa kushoto. Mimi naja, natua, sisemi neno. Nikibadilisha mikono njiani, siku hiyo sina kazi."

"Siku ile ulibadilisha?"

"Mimi? Hapana, haki ya Mungu."

"Na mwenye mkahawa hukaa kiti gani?"

"Cha kwanza. Tangu wiki ya majaribio. Anapenda kuwaona wageni wakiingia."

"Kwa hiyo siku ile alikaa cha kwanza, mzee akakaa cha pili."

Mhudumu alibaki na kijiko mkononi. Alikitazama kijiko, akatazama viti viwili, na Inspekta akamwacha atazame. Huko kituoni mwingine angeshamkatiza. Yeye aliamini kwamba simba mwenda pole ndiye mla nyama.

"Hapana," mhudumu alisema hatimaye. "Siku ile mzee alikataa. Si alikuwa askari magereza zamani? Alisema, 'Mimi tangu nianze kazi ile sijaupa mlango mgongo, na sitaanza leo kwa sababu ya supu.' Mama mwenye mkahawa akacheka, akampisha. Mzee akakaa cha kwanza."

Sajenti aliacha kunusa.

"Hilo mbona halimo kwenye maelezo yako?" aliuliza.

"Hakuna aliyeniuliza, mwanangu! Mliniuliza nani alikula nini. Wote walikula kitu kimoja."

"Na jikoni uliwaambia kwamba wamebadilishana?" Inspekta aliuliza.

"Niwaambie ili iweje? Mmoja angeagiza samaki na mwingine bata, hapo ningesema. Supu mbili, bata wawili. Bata na bata hawagombanii kiti."

"Mzee alipoanguka ulifanya nini?"

"Nilikimbilia dirishani nikapiga kelele, 'Meza ya nne! Kiti cha kwanza kaanguka!' Ndivyo ulimi ulivyozoea. Musyu akaruka kwenye simu ya ukutani papo hapo, kabla hata sijamaliza. Akaita gari la wagonjwa, ndipo akatoka. Tulimsifu wote."

Inspekta alishika mgongo wa kiti cha kwanza. Wiki nzima walikuwa wakimtafuta mtu aliyemchukia mzee mstaafu ambaye kosa lake kubwa lilikuwa kutukana supu. Wakampata binti, kwa kuwa ndiye pekee aliyetukaniwa supu. Lakini mkono ulioweka sumu kwenye bakuli la kulia haukumwekea mzee. Ulimwekea mtu anayekaa kiti cha kwanza kila siku. Mtu huyo alikuwa bado hai, na muda si mrefu angeingia pale aletewe supu nyingine.

"Yule dereva wa gari la wagonjwa wa siku ile," alimwuliza Sajenti kwa sauti ya chini. "Alilalamika nini?"

"Ah, yule. Kwamba waliambiwa wanamfuata mwanamke, wakakuta mzee. Nikamwambia simu zina kelele, asitupotezee muda."

"Simu zao hurekodiwa. Ofisi yao iko nyuma ya jengo hili. Nenda kaisikilize ile iliyopigwa siku ile, na uje nayo kwenye simu yako."

"Sasa hivi? Afande, lakini bata..."

"Bata ameshakufa, hana haraka."

Mwenye mkahawa aliingia akiwa na gauni jeusi na macho ya mtu asiyelala. Inspekta alimwonyesha kiti cha kwanza, kiti chake cha kila siku, mwenyewe akakaa cha pili. Inspekta aliposhusha begi lake chini ndipo alipong'amua jambo dogo lililomtia baridi. Mtu wa kiti cha kwanza anatazama barabara, na dirisha la jiko liko nyuma ya kisogo chake. Marehemu alikaa pale akiwa na hakika kwamba amekaa salama. Yeye Inspekta, toka kiti cha pili, alimwona Musyu vizuri kabisa chini ya zile taa, uso wake ukimeremeta, akichora duara la krimu.

"Pole sana, dada," alimwambia mwanamke mwenzake.

"Nimeshapoa, dada. Nimekubali." Mwenye mkahawa alijaribu kutabasamu. "Unajua mjomba alisemaje alipoletewa bata? Alisema, 'Sahani kubwa hivi, na nyama imekaa katikati kama mbuzi aliyepotea.' Watu wote walicheka. Yeye ndiye aliyenilea baba alipofariki. Jengo hili ni la baba. Mjomba alilitunza mpaka nikakua, hakuomba hata chumba kimoja."

"Sasa ni la nani?"

"Langu. Mume wangu ameweka ujuzi, mimi nimeweka kuta." Alisema hivyo kama utani wao wa nyumbani. "Mungu akinichukua, ndipo atakuwa na vyote."

Mhudumu alikuja na mabakuli mawili. La kulia alilitua mbele ya mwenye mkahawa, la kushoto mbele ya Inspekta, akarudi nyuma bila neno. Mvuke ulipanda. Krimu ilizunguka juu ya ile supu ya kahawia, duara safi kwenye kila bakuli, na harufu ilikuwa nzuri mno. Inspekta aliogopa. Alijua kwamba mtu mwenye akili hawezi kurudia kosa lake mbele ya polisi. Alijua pia kwamba magereza yamejaa watu wenye akili.

Mwenye mkahawa alichukua kijiko.

"Bado, dada," Inspekta alimwekea kiganja juu ya mkono. "Tumsubiri kijana wangu kwanza. Ni tabia yangu mbaya, sili peke yangu wakati mwenzangu yuko juani."

"Itapoa."

"Ipoe tu. Niambie, siku ile mumeo alipotoka jikoni ilikuwaje?"

Mwenye mkahawa alikilaza kijiko pembeni. Sauti yake ilikuwa laini, ya mtu anayefungua kitu alichokihifadhi.

"Hilo sijamwambia mtu. Mimi na yeye tumekaa miaka mingi, na nitakuwa mwongo nikisema ilikuwa raha. Ni mtu wa jikoni, maneno matamu anayamalizia kwenye michuzi. Lakini siku ile, mjomba yuko chini, watu wanapiga kelele, yeye alitoka mlangoni akasimama, akanitazama mimi. Si mjomba. Mimi. Kama mtu aliyeona mzimu. Kisha akaja akanikumbatia, anatetemeka mwili mzima, hawezi hata kusema." Machozi yalimlengalenga. "Hapo ndipo nilipojua kwamba ananipenda, dada. Mpaka siku ile nilikuwa sina hakika."

Inspekta aliitazama meza. Katika kazi yake alishasikia mengi, lakini hilo lilimchoma moyo, na hakujua aweke wapi macho yake.

"Meza ya nne vipi?" Sauti ya Musyu ilitoka dirishani, yenye furaha zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika. "Mabakuli hayarudi! Supu ya uyoga hainywewi baridi!"

"Inanyweka," Inspekta alijibu kwa sauti iliyofika. "Tunazungumza kidogo."

Mlango wa barabarani ulifunguliwa. Sajenti aliingia akihema, shati limemganda mgongoni. Safari hii hakuleta utani. Aliinama sikioni kwa Inspekta, akamkabidhi simu na kile kifaa cha kusikilizia cha sikioni.

"Kikulacho, afande..." alianza kunong'ona.

Inspekta aliinua kidole, na Sajenti akaimeza methali yake. Inspekta akakitia kifaa sikioni, akabonyeza.

Ilikuwa sauti ya Musyu, wala haikuwa na kelele hata kidogo. Nyuma yake ulisikika upawa ukigonga sufuria na mtu akiuliza kuna nini. Alikuwa bado jikoni. *Njooni haraka, tafadhali. Mke wangu ameanguka. Ndiyo, hapumui vizuri. Ana ugonjwa wa moyo, wa siku nyingi, alikuwa anauficha. Nilimwambia apumzike, hakunisikia.*

Aliisikiliza mara mbili. Mara ya pili alifumba macho. Kumdhania mke ni jambo ambalo mume yeyote angefanya, kwa kuwa aliambiwa kiti cha kwanza kimeanguka na kiti cha kwanza ni cha mkewe. Hilo lisingemfunga mtu. Lakini Musyu alijua kwamba mkewe hapumui vizuri kabla hajatoka kumwona. Tena alikuwa na ugonjwa wake tayari mdomoni, umeshaiva, unangoja tu kupakuliwa.

"Dada," alisema. "Nisamehe kwa swali hili. Moyo wako unaumwa?"

"Moyo wangu?"

"Uliwahi kuambiwa na daktari yeyote? Au kumwambia mumeo kwamba unaona dalili?"

"Mimi?" Mwenye mkahawa alicheka, cheko lake la kwanza la kweli tangu aingie. "Dada, wakati wa ukarabati nilipanda ngazi za jengo hili na ndoo za saruji. Mimi hata kichwa hakiniumi. Nani kasema hivyo?"

Inspekta alikipangusa kile kifaa kwa ncha ya kitambaa cha mezani, akampa. Kuna mambo ambayo mtu hapaswi kuyapokea kutoka kwenye mdomo wa askari.

Mwenye mkahawa alisikiliza akitazama barabara. Mwanzoni uso wake ulilainika, maana aliisikia sauti ya mumewe ikimwita mke wangu. Kisha ukasimama. Alibonyeza mwenyewe akasikiliza tena, midomo ikifuatisha maneno, na rangi ikamtoka taratibu kuanzia kwenye paji la uso. Alipomaliza alikitoa kile kifaa, akakiweka mezani kando ya kijiko, akakinyoosha sambamba nacho kama anavyofanya mhudumu.

Mlango wa jiko ulifunguliwa. Musyu alikuja akipita kati ya meza, kitambaa begani, mikono imefunguka.

"Jamani, kuna tatizo na supu yangu?"

Aliyatazama yale mabakuli yaliyojaa, akamtazama Inspekta, akaelewa angalau nusu yake. Akacheka.

"Aa! Mnaogopa!" Alichukua kijiko cha mkewe, akachota kutoka bakuli la mkewe, akanywa. Akachota tena. Alikunywa mpaka duara la krimu likavurugika lote, kisha akabusu ncha za vidole. "Mmeona? Safi. Imepoa, lakini safi. Mpenzi, unywe."

Ilikuwa safi kweli. Inspekta hakuwa na shaka tena juu ya hilo. Kupitia lile dirisha, chini ya taa, alimwona mpishi wa supu amesimama na upawa wake kifuani, na askari wa kike pembeni yake, wote wawili wakisikiliza. Sajenti alikuwa amehamia mlangoni bila kuonekana, kwa wepesi ambao tumbo lake halikuutangaza.

Mwenye mkahawa alisimama. Alikishika kiti cha kwanza kwa mikono miwili, akakiinua, akakigeuza mpaka kikaupa mgongo mlango wa barabarani, wageni, mji mzima. Akakaa. Sasa alikuwa anatazamana na jiko na mume wake uso kwa uso, na sauti yake ilipotoka haikutetemeka.

"Nani alikuambia mimi naumwa moyo?"

Musyu alifungua mdomo. Macho yake yalikwenda kwenye simu ya Sajenti pale mezani, kwenye kile kifaa kilichonyooshwa kando ya kijiko, kwenye mlango uliozibwa na Sajenti mwenyewe. Mkono wake ulipanda begani peke yake, ukavuta kitambaa, ukashuka na kuanza kuupangusa ukingo wa bakuli.

"Acha kupangusa," mkewe alisema. "Nijibu."

Kitambaa kiliendelea kuzunguka.